Mluzi wa Semahoro

Kama hujawahi kuona ng'ombe akigoma kunywa maji, basi hujakaa kambi ya Nakivale, hapa Uganda, na jirani yangu Semahoro. Ng'ombe wetu, wa watu tuliotoka milima ya Kivu Kusini, hawanywi hivi hivi. Mchungaji husimama ukingoni mwa ziwa na kuwapigia mluzi, mrefu na wa polepole, nao huinamisha shingo na kunywa. Mluzi wa Semahoro tuliujua sote. Nilikuwa nikiusikia asubuhi nikiwa shambani kwenye maharage, nikajua jua limefika wapi. Mtu mwenyewe ni mkimya, mwembamba, hana mali ya kutaja. Ng'ombe wachache aliopata kwa jasho lake hapa ukimbizini, na huo mluzi.

Mwaka 2009 gego lilimshika. Shavu likavimba, akawa anauma kitambaa na kunung'unika tu. Sasa kwetu mgonjwa haendi hospitali peke yake, na akienda haongei. Anayemsindikiza ndiye anayeongea. Ni heshima. Mgonjwa anayejisemea huonekana kama mtu asiye na ndugu. Kwa hiyo Semahoro alipelekwa Mbarara na kaka yake mkubwa, Appolinaire, mzee wa kanisa, mtu ambaye angekujibia hata salamu kama ungemwachia nafasi.

Walifika kwenye kliniki ndogo ya meno huko mjini. Daktari, mtu wa huko huko Ankole, alimfungua Semahoro kinywa, akagonga gonga na chuma chake, kisha akamgeukia Appolinaire na kumwita bwana kwa lugha ya kwao.

"Sebo, gego iko mbaya. Na hizi za mbele zinacheza. Natoa zote?"

"Munganga, fanya vile unaona," Appolinaire alijibu. "Sisi tunatoka mbali. Kurudia safari tena ni nguvu."

Semahoro alikuwa palepale, kinywa wazi, macho yakiangalia dari. Alisikia. Lakini kaka alikuwa ameshasema, na sindano ilikuwa imeshaingia. Aliamini kwamba "zote" ni gego na mizizi yake. Ganzi ilipoisha, ndani ya gari la kurudi, aliweka ulimi mbele ya kinywa na kukuta hakuna kitu.

"Yaya," alisema, kwa maana kwetu kaka mkubwa huitwa hivyo, "meno yangu ya mbele iko wapi?"

"Ilikuwa inacheza. Munganga aliniuliza, nikamujibu."

"Na mimi nilikuwa pale."

"Ulikuwa mugonjwa. Mgonjwa haulizwi uji."

Msemo huo ni mzuri na nimeutumia mwenyewe mara nyingi. Lakini meno si uji! Uji usipoutaka unautema.

Kesho yake nilikuwa shambani, nikangoja mluzi. Haukuja. Nilishuka hadi ziwani nikamkuta amesimama mbele ya ng'ombe wake, midomo imebana, na kinachotoka ni upepo tu. Ng'ombe wake wa rangi ya gaju, yaani hudhurungi, anayempenda kuliko wote, alimwangalia, akanusa maji, akainua kichwa. Upande wa pili mchungaji mwingine alipiga mluzi, na gaju akaondoka kumfuata yule. Semahoro aliona haya mbele yangu, akajifanya anatafuta fimbo. Niliumia moyo, na nilimkasirikia Appolinaire miaka yote iliyofuata, hata kanisani alipokuwa akituombea.

Semahoro mwenyewe hakumgombeza. Angemgombezaje kaka aliyemlea? Alijifunza kupiga makofi badala ya mluzi. Ng'ombe walikunywa, lakini kwa kujilazimisha, na hazikupita siku nyingi bila gaju kurudishwa kutoka kundi la mchungaji mwingine.

Kisha mwaka 2014 taya likamshika Appolinaire. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Aliyebaki wa kumsindikiza ni ndugu yake tu. Yaliyotokea huko nilisimuliwa na wote wawili, na kwa mara ya kwanza maishani mwao masimulizi yao yalilingana.

Kliniki ilikuwa ileile, na daktari yuleyule, amenenepa kidogo. Alimwangalia Appolinaire kinywani, akamgeukia Semahoro.

"Sebo, meno ya chini imeharibika. Natoa zote, sawa?"

Semahoro alimgeukia kaka yake. Appolinaire alimkazia macho kutoka kwenye kiti. "Jibu, ndugu yangu. Nasikia maumivu mingi."

"Mwenye kinywa ni yeye," Semahoro alimwambia daktari. "Umuulize."

Daktari aliudhika. "Nyinyi watu wa kambi! Mimi nikieleza kila kitu, mnakimbia. Mwenye kuleta mgonjwa akikubali, mgonjwa amekubali. Mimi nafanya hivyo kila siku. Watu wako nje wanangoja."

"Wangoje," alisema Semahoro. Kisha akainama karibu na kaka yake. "Yaya, ile siku ulinijibia, hata nafasi ya kuogopa sikupata. Wewe uogope kwanza. Kisha uulize."

Na Appolinaire aliogopa. Yule mzee aliyewajibia watu wote alishika mikono ya kile kiti, akaanza kuuliza. Nitahubiri? Maneno itatoka? Haya ya mbele, ni lazima leo?

Daktari alipumua kwa nguvu, akachukua chuma chake, akagonga tena, jino moja moja safari hii. Haya ya nyuma, ndiyo, yameoza. Ya mbele yanacheza kwa sababu ufizi umevimba. "Hizi zinaweza kungoja. Nasafisha, nakupa dawa, tunaona."

Semahoro alisimama. Alifungua kinywa chake mwenyewe mbele ya taa. "Na yangu? Yangu pia ingeweza kungoja?"

Daktari alichungulia lile pengo, akapapasa ufizi kwa kidole. "Nani alitoa hizi?"

"Ni wewe."

Daktari alirudisha chuma chake mezani. Alisema tu kwamba watu ni wengi nje.

Asubuhi iliyofuata niliwakuta wote wawili ziwani. Semahoro alikuwa akipiga makofi, na ng'ombe wamesimama tu, gaju ameshageuza kichwa upande wa wenzake. Appolinaire, shavu limefungwa kitambaa, macho mekundu, alisogea mbele na meno yake yote ya mbele, akakunja midomo, akaanza kumpigia mluzi gaju kwa niaba ya ndugu yake.

Semahoro alimshika mkono.

"Acha, Yaya," alisema. "Hata hii haujaniuliza."