Ganzi ya Shavu

Siku niliyonyolewa kichwa nyuma ya nyumba yetu Ikonge, ili fuvu langu likwanguliwe, naikumbuka vizuri, mwanangu. Nilikuwa kijana wa kuchuma chai.

Kabla ya hapo nilikatwa uvimbe mdomoni, kidonda kikapona, nikasahau. Baadaye nikahisi siafu wakitembea ndani ya shavu. Napangusa, hakuna kitu. Kisha shavu likafa ganzi, chai ya moto inanimwagikia wala sijui. Mokaya, yule aliyejiita daktari wa meno pale Mosocho, akasema ni jino, akaning'oa magego mazima, ganzi ikabaki pale pale. Niliporudi kulalamika, akasema nina maneno mengi kwa mtu asiye na meno. Jina lake nalitaja makusudi.

Kichwa kikaanza kuuma. Baba mdogo Nyakundi akamwita omobari, fundi wetu wa kukwangua fuvu. Huyo simlaumu, aliitwa kwa kichwa, akaja kwa kichwa. Kisu kimeshatoka, mama akafunika kichwa changu kwa leso yake, akakaa hapo hapo.

"Nyakundi, ugonjwa ulianza mdomoni, ukaja shavuni, sasa uko juu. Unatembea. Wewe unakata huku, na huko unakotoka?"

Baba mdogo akasema wanawake wameanza kutibu. Mama hakuondoka mpaka omobari akarudisha kisu chake.

Tukaenda hospitali kubwa Nairobi. Daktari alipiga picha za eksirei, akaziweka kwenye taa, akanionyesha tundu dogo la mfupa chini ya jicho, mahali mshipa wa fahamu unapopita. Upande usio na ugonjwa lilikuwa dogo. Upande wangu limepanuka. Akasema saratani ile ya mdomo haikuisha, ilifuata mshipa kama fuko na njia yake, inaelekea kwenye ubongo.

"Ungechelewa kidogo, kijana, ningekupa pole tu."

Walikata, wakanichoma kwa mionzi. Jicho moja lilikwenda, na nikila ugali unanidondoka. Nyakundi mpaka leo anasema matangani kwamba yeye ndiye aliyeniokoa. Aseme. Mimi niko hai.

Basi sikia, mwanangu. Ganzi ya uso si jino, usikubali kung'olewa ovyo. Ukiwahi kukatwa uvimbe, hata kama kovu limefutika, mwambie daktari kabla hajakuuliza. Na picha isiishie panapouma. Omba wafuate njia yote, kutoka ugonjwa ulipoanza mpaka kwenye fuvu.

Mungu akuachie uso wako mzima, uzeeke nao, na wajukuu wako waujue kwa kuushika.