Figo Mbichi Jikoni kwa Shemeji

Mwalimu wa bayolojia wa binti yangu alikuwa na mtindo wake wa kuwaandaa wanafunzi wa mwaka wa mwisho. Likizo ya Aprili aliwatuma nyumbani na kazi moja: mtafute mtu asiyejua somo hili, mfundishe mada inayokusumbua mpaka aweze kukueleza yeye. Asipoweza, wewe ndiye hujaelewa.

Niliposikia hivyo nilijua ni mimi. Niliacha shule darasa la saba, na tangu mke wangu afariki tumebaki wawili tu nyumbani. Nikangoja. Jumamosi binti akarudi kutoka bucha ya Gakindu na figo ya ng'ombe iliyofungwa kwa karatasi, akanipita uani, akateremka kwa shemeji yangu, dada ya marehemu.

Iliniuma. Shemeji ana kicheko cha mke wangu, na siku hizi mtoto hucheka huko tu. Nikachukua panga lake nililokuwa nimeazima, nikaenda kulirudisha. Hakuna aliyekuwa amelidai.

Mlango wa jikoni ulikuwa wazi.

"Ati damu yote inapita kwa hii kitu kidogo?" shemeji aliuliza.

"Yote, tata," binti akajibu; kwetu tata ni dada ya mama. "Inachujwa, inarudi mwilini."

"Na figo ikikataa kuchuja?"

Binti akaigeuza figo mkononi. Mama yake alikufa kwa ugonjwa wa figo.

"Hapo ndipo mimi hukwama," akasema. "Hata darasani. Na mtihani ni Novemba."

"Si ungemfundisha baba yako?"

"Baba? Ukitaja figo anaenda kuangalia ng'ombe. Tuko na ng'ombe moja, tata, na ameiangalia mpaka imechoka."

Wakacheka wote wawili. Mimi nilisimama pale na panga. Ilikuwa kweli.

Nikaingia, nikakaa kwenye kigoda. "Nifundishe mimi," nikamwambia. "Anzia hapo unapokwama."

Alimtazama shemeji kwanza. Hilo nalo liliniuma. Kisha akashika kisu, akapasua figo katikati, akanieleza: jinsi taka zinavyobaki kwenye damu, jinsi mwili unavyovimba, kwa nini mama yake alipimiwa hata maji ya kunywa. Safari hii alifika mwisho. Nikajaribu kumweleza yeye. Nikakosea, akanirekebisha, nikarudia.

Shemeji akainuka, akasema anaenda kuteka maji ya chai. Sikumwambia abaki.