Joto la Plasta

Nesi anapoloweka bendeji za plasta kuufunga mguu wa mjukuu wangu, ile harufu ya unga mbichi inanirudisha kwenye korongo letu la mchanga, chini ya vilima.

Kule palikuwa na jiwe pana lenye nyayo za mnyama ambaye hakuna aliyewahi kumwona, kana kwamba jiwe lenyewe liliwahi kuwa tope. Nyanya yangu hakulipita bila kutasa: alijaza maji mdomoni, akayapuliza juu ya nyayo, akamwomba mwenye nyayo aende kwa amani.

Asubuhi moja tulimkuta mzungu mchunguzi wa mawe amepiga magoti pale.

"Mama, naomba maji," akasema.

Nyanya akampa kibuyu, uso umemchangamka. "Kumbe na huyu anatasa," akaninong'oneza.

Lakini mzungu alikoroga unga mweupe kwa maji yale, akaumimina ndani ya unyayo mmoja. Ulipoanza kukauka nikaugusa. Ulikuwa na joto, kama mguu wa mtu aliyelala. Nyanya naye akagusa, akaurudisha mkono kifuani.

"Amerudi," akasema. "Amekanyaga hapa sasa hivi."

Mzungu alipobandua, ulitoka mguu mweupe wenye vidole vyake vyote. Nyanya alichukua kibuyu chake, akanitanguliza njia nzima ya kurudi nyumbani, akipuliza maji nyuma yangu mpaka yakaisha.

"Gusa, nyanya," nesi ananiambia. "Inapata joto, ni kawaida."

Nagusa. Kisha naomba maji, na nesi ananiletea kikombe kilichojaa, akidhani nina kiu.