Siku Mayu Ngolo Aliporudi Uwanjani

Mama mkwe wangu Ngolo ana miaka sitini na kitu, goti lake la kulia linalia kama mlango, na mwaka huu amerudi kucheza ngoma. Ukiniuliza nani wa kulaumiwa, nitakuonyesha televisheni.

Tulikuwa tunaangalia tamthilia ya jioni, ile iliyotiwa sauti za Kiswahili. Mzungu mmoja, bibi mzima, mwembamba kama ufito, zamani alikuwa anacheza bale, ile ngoma yao ya kusimama juu ya ncha za vidole vya miguu. Akazeeka, wakamweka pembeni, akawa anafundisha watoto. Halafu mwenye jumba la ngoma akamfuata nyumbani kumwomba arudi jukwaani. Mimi nilikuwa nachambua maharage, nasikiliza kwa sikio moja. Mayu alikuwa hapepesi hata macho. Mayu ndiyo mama kwa Kisukuma, na mimi nimeshazoea kumwita hivyo.

Angepepesa vipi, wakati yule alikuwa ni yeye mwenyewe? Kabla hawajahama na ng'ombe wao kutoka Shinyanga, na hata baada ya kufika huku Mpanda, Ngolo alikuwa akicheza ngoma ya majembe. Analirusha jembe juu, chuma na mpini wake, linazunguka, yeye anaweka mkono mgongoni na kulidaka bila kuangalia. Wanaume wenyewe walikuwa wanamwogopa. Akaacha alipozaa mtoto wa tano, au aliachishwa, kila mtu ananisimulia yake.

Basi yule bibi wa kwenye tamthilia akamkazia macho mwenye jumba, akamuuliza: umenifuata kwa sababu bado najua kucheza, au kwa sababu watu watakuja kumwona mzee anavyohangaika? Mwenye jumba akavuta pumzi ajibu. Umeme ukakatika.

Kesho yake tamthilia ikaanzia mbele, bibi yuko mazoezini anafunga viatu. Jibu likawa limepita sisi tuko gizani. Mayu akanisumbua wiki nzima, yule baba alijibu nini, na mimi namwambia sijaona, mayu, nilikuwa gizani na wewe. Akawa ananiangalia kama vile nimelificha jibu chini ya mkeka.

Haikupita muda akaja Machibya. Huyu ni manju, ndiye anayetunga nyimbo na kuongoza ngoma, na kundi lake lilikuwa linashindwa kila msimu wa mashindano, vijana wote wamekimbilia kundi la pili lenye maspika. Anamtaka Ngolo arudi. Mayu akamuuliza swali lilelile la yule Mzungu, neno kwa neno. Machibya akacheka, akaomba maji ya kunywa, akasema, "Mayu, wewe njoo tu."

Jamani, hilo ni jibu? Nilitaka kumnyang'anya kikombe. Mayu akakubali hivyo hivyo. Nikamgeukia mume wangu Makoye amkataze mama yake, akasema haingilii mambo ya wakubwa, akaenda kwa ng'ombe. Mume wangu kwa kwenda kwa ng'ombe hajambo.

Sasa mimi ni mtu wa Karema, si Msukuma, ilinichukua muda kuelewa haya mashindano. Wasukuma hawaweki jaji. Makundi mawili yanacheza uwanja mmoja, wakati mmoja, kila moja na ngoma zake, na watu wanakwenda wanakopenda. Penye watu wengi mwishoni ndipo penye ushindi. Kura yako ni miguu yako. Tena kila kundi lina mganga wake wa dawa ya mvuto, kwa hiyo hata ukicheza ukawavuta watu wote, kuna watakaosema ni dawa tu.

Siku yenyewe, mpunga umeshavunwa, nikaenda kusimama kwa wapinzani. Makusudi kabisa. Sikutaka kumwona mama mkwe wangu akipasuliwa kichwa na jembe mbele za watu. Mawifi zangu ningewaambia nini? Nikageuka, nikajifanya naangalia vijana wa maspika wanavyokata viuno.

Mara watu wakaanza kupungua pembeni yangu. Mmoja mmoja, kisha kundi zima, hadi wamama wenye watoto mgongoni. Wapiga ngoma wa huku wakawa wanapiga huku shingo zimegeukia kule. Nikashtukia miguu yangu nayo inakimbia, wala sikuituma.

Nikapenya mpaka mbele. Alikuwa anazunguka polepole, goti limevimba, uso umekaza. Akalirusha jembe mara mbili, chini chini, kama anapima. Mara ya tatu akalitupa juu kwelikweli. Likapinduka huko juu, likaanza kushuka, na yeye anatazama mbele tu, mkono mgongoni. Akalidaka.

Watu wakatoa "aaah" moja, wote kwa pamoja. Ile aaah mpaka leo sijaielewa. Ilikuwa ya furaha? Au ni ya watu waliokuja kuona jambo na jambo lenyewe halikutokea? Hata mpira ukigonga mwamba watu wanatoa aaah kama ile. Vigelegele vilikuja baadaye, sikatai, na ushindi tukachukua. Mganga akapita anajigamba kwamba dawa yake imefanya kazi, na Machibya anacheza peke yake kama kalewa.

Nyumbani nikamkanda goti kwa maji ya moto. Nilidhani atakuwa na furaha. Alikuwa ameinama, anayaangalia maji kwenye beseni.

"Pudensiana," akasema. Akilitaja jina langu lote najua kuna jambo. "Nilikuona umesimama kwa wale."

Nikaendelea kumkanda.

"Halafu nikakuona unakuja mbio. Wale wengine siwezi kuwauliza mmoja mmoja, ila wewe uko hapa. Ulikuja kuniona nikidaka, au kuniona nikianguka?"

Nilitaka kusema kudaka. Lilikuwa neno jepesi na lingetosha. Lakini nikakumbuka nilivyokimbia, hofu imenijaa, na ndani ya hofu ile kulikuwa na kitu kingine, hamu fulani, ambayo hata sasa naona aibu kuitaja.

"Sijui, mayu," nikasema, na machozi yakanitoka.

Nikasubiri matusi. Akanitazama weee, akaguna, akautoa mguu kwenye beseni.

"Basi pengine na yule mwenye jumba hakujua," akasema. "Jumapili nacheza tena. Safari hii simama kwangu tangu mwanzo."