Mkunga na Watu wa Ng'ambo ya Mto

Mkunga wetu hunawa mpaka viwiko hata akija kusalimia tu, na huongea polepole, kama mtu aliyezoea kutuliza wenye uchungu. Wilaya ilipotangaza kwamba sisi ni watu mia nne na tatu, hatufiki mia tano, kwa hiyo kijiji kinafutwa na zahanati inafungwa, nilimsindikiza ofisini. Karani hakuinua hata uso.

"Mama, hesabu ndiyo hiyo."

"Ng'ambo ya mto mlivuka?"

"Daraja lilikuwa limezama."

"Kwa hiyo na watu wamezama?"

Mkunga akavuta kiti bila kukaribishwa, akaanza kuwataja wa ng'ambo aliowazalisha, mmoja mmoja: aliyetanguliza miguu, mapacha wa fundi cherehani, yule aliyekawia kulia. Alipopita mia moja, karani akafunga faili.

"Hawamo kwenye fomu, mama. Subirini sensa ijayo, miaka kumi."

Mwezi uliofuata alimzalisha mwanamke wa ng'ambo barazani pa zahanati, mlango ukiwa na kufuli. Akamwinua mtoto, analia kwa nguvu zote. "Haya," akafoka, "na huyu waje waniambie hayupo!"