Turubai la Maua

Jicho langu la kulia liliungua nikiwa juu ya ngazi, mkono mmoja umeshika ukuta wa mbao, mwingine brashi. Povu liliniruka usoni, nikasikia moto. Chini, mwenzangu, kijana wa Kikongo tuliyeosha naye mbao, alipiga kelele: "Papa, usifikiche! Shuka! Maji, leteni maji!"

Nyumba yenyewe iko Luzira, kwenye mwinuko unaoitazama bandari ya Port Bell. Kuta zake ni mbao za mwerezi, zimekuwa nyeusi kwa mvua na ukungu. Kazi yetu ilikuwa kuziosha kwa sabuni na brashi laini, kuziacha zikauke, kuzipiga msasa, kisha kuzipaka mafuta. Ni kazi ya polepole, na fomani wetu hakuipenda.

"Mnazibembeleza mbao kama watoto wachanga," alisema.

Asubuhi hiyo alikuja na jerikeni kutoka soko la Kikuubo. Ilikuwa ya mafuta ya kupikia, lakini lebo ilikuwa imekwanguliwa.

"Sabuni mpya hii. Inang'arisha."

"Sabuni gani, bosi?"

"Ya kuosha. Kwani wewe mzee unataka kuinywa?"

Watu wakacheka. Nami nikacheka, lakini macho yangu yalikuwa kwenye mikono yake. Alikuwa amevaa glavu za mpira mpaka kwenye viwiko, yeye ambaye sijawahi kumwona na glavu. Alifungua kifuniko akiwa amegeuza uso pembeni. Sisi alitugawia kaveera, ile mifuko ya nailoni ya sokoni, tujifunge mikononi kama siku zote.

Ndipo madamu mwenye nyumba akatokea barazani. Hakutusalimia.

"Maua yangu yafunikwe kwanza. Na lile waridi la kona msilisahau."

Tukayafunika maua kwa turubai, mimi na yule Mkongo, tukakandamiza pembe zake kwa mawe. Nikawaza, sabuni gani hii ya kutisha maua?

"Papa," akaninong'oneza, "haya maua yana baba na mama. Sisi ni yatima."

Nikapanda ngazi.

Katika Hospitali ya Nsambya, daktari aliniuliza swali moja tu: ni kitu gani kimeniingia? Alitaka ajue atibu nini. Mkongo akampigia fomani simu, akaweka sauti juu tusikie wote.

"Sabuni tu," fomani alisema. "Huyo mzee amekula roleksi yenye pilipili, akajifikicha."

Roleksi, ile chapati ya kuviringishwa na mayai! Tangu nitoke nyumbani sikuwa nimetia hata kipande cha chapati mdomoni. Mkongo aliporudi kuitafuta jerikeni, haikuwepo. Fomani alikuwa ameondoka nayo, yeye mwenyewe, kwenye bodaboda.

Jicho halikurudi. Ukuta, nasikia, umekuwa mwekundu na mzuri kama mbao zimetoka kupasuliwa jana, na waridi la kona limechanua. Watu wananiambia, ajali hiyo, samehe. Ajali haivai glavu. Ajali haifuniki maua.

Sikusoma sana, lakini wenye kosa nawajua ni wawili. Wewe fomani, mle ndani ya jerikeni ulitia nini? Na wewe madamu uliyetaka turubai lifunike waridi, sisi ukatuacha wazi, nani alikuambia kwamba kile kitu kinaunguza? Pole zenu sizitaki. Nijibuni.