Kiatu Chekundu Mlangoni, Najma

Wenzangu hunicheka nikisema siitaki tena hadithi ya msichana wa jikoni na kiatu chake cha kioo. Niliipenda sana zamani. Iliniharibikia Ijumaa moja, kwenye chumba chetu cha mtaa wa Najma.

Hapa Doha Ijumaa ndiyo siku yetu ya kanisa. Tukitoka ibadani tunapika, tunajitupa kwenye magodoro, tunatazama sinema. Siku hiyo tulikuwa tunatazama moja ya zile za zamani za Kimarekani, nyimbo na dansi tele, yenye hadithi hiyohiyo. Mwenzangu, Mganda anayefanya usafi hotelini, alikuwa akisonga ugali. Kando yangu alilala binti wa kwetu Kenya, mhudumu wa mkahawa, mdomo umemvimba kama andazi.

Alikuwa ametujia jana yake na kiatu kimoja mguuni. Mchumba wake, dereva, alimpiga ngumi garini kwa kuwa alicheza na mwanamume mwingine kwenye sherehe. Gari liliposimama kwenye taa za barabarani, akaruka nje. Mimi ni muuguzi, nikamsafisha kidonda huku akimtetea.

"Ni hasira tu, dada. Huyo ni mtu mpole."

Nilitamani kumzaba kibao mimi mwenyewe. Nilijua wazi kwamba akimwona tu atarudi kwake, na siku nyingine hatapata taa ya kumwokoa.

Kwenye sinema walikuwa wameanza kuzunguka na kiatu nyumba hadi nyumba, mlango wetu ukagongwa. Binti akakimbilia bafuni, akajifungia. Mganda akafungua, mwiko mkononi. Nje alisimama mwanamume aliyevaa shati lililopigwa pasi vizuri, ameshika kiatu chekundu cha kisigino kirefu.

"Sister, pole kwa kuwasumbua. Hii kiatu ni ya nani hapa?"

Mganda angesema tu hatukijui, mambo yangeishia hapo. Lakini kichwa chake kilikuwa bado kwenye sinema.

"Ni yangu hiyo. Leta!"

Mwanamume akatabasamu, akapiga magoti palepale kizingitini. "Haya, vaa nione."

Vidole vya Mganda viligoma kuingia. Nikadai kiatu ni changu, nikajaribu, kisigino changu kikabaki nje. Hapo akajua kwamba tunamficha. Aliinuka, akausukuma mlango kwa bega, ukanibana vidole ukutani hadi nikapiga yowe. Mganda akamchapa mwiko wa sikio, ugali wa moto ukamganda shavuni. Mwanamume akampiga ngumi ya kifua, mwenzangu akaangukia rundo la viatu. Nikamuuma mkono mpaka nikaonja damu, naye akanitupa kando.

Nilidhani sasa atavunja mlango wa bafu. Badala yake akaimba. Alikuwa kiongozi wa kwaya, na wimbo huo ndio aliomtongozea binti. Sauti yake ilikuwa tamu ajabu. Niliogopa kuliko nilivyoogopa ngumi zake, kwa sababu nilisikia komeo la bafu likifunguka.

Binti alitoka akilia, akaketi kwenye kigoda, akanyoosha mguu.

"Usiende," nikamwambia. Hakunitazama.

Mwanamume alipiga magoti tena, akaufuta ule mguu kwa mkono wa shati lake, akamvisha kiatu taratibu. Kilimkaa sawasawa.

"Mami, nisamehe. Twende home."

Binti aliukunja mguu, akamchomekea kisigino mdomoni kwa nguvu zake zote. Akarudia. Jino likadondoka sakafuni, damu ikaruka hadi kwenye godoro langu. Alikuwa akikiinua kiatu mara ya tatu mlinzi wa jengo alipofika mbio, akamshika yule bwana ukosi na kumburuta ngazini.

Tulipiga deki. Jioni binti akaniuliza kama amemuumiza sana. Nikamwambia hakumuumiza vya kutosha, akalia upya. Nilimkasirikia, kisha nikamkumbatia.

Wiki iliyofuata aliomba tuimalizie ile sinema, kwani hakuuona mwisho. Tukaiwasha. Mwana wa mfalme alipopiga magoti na kuanza kuimba, binti aliinuka, akaenda kuhakikisha tumeweka komeo.